Tumbo Linauma, Vipimo Havionyeshi Kitu



Katika usharika mmoja wa dayosisi yetu, Kamati ya Diakonia ilikaa kupitia maombi ya msaada wa matibabu. Nilialikwa nikiwa mratibu wa miradi, kwa sababu sehemu ya mfuko ule hutoka kwa wahisani, na ni wajibu wangu kujua fedha hizo zinatumikaje. Kati ya barua kumi na moja zilizokuwa mezani, tatu ziliandikwa na mtu mmoja: mama wa makamo, mzee wa kanisa, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya kuu. Barua zote tatu zilihusu tumbo. Mjumbe mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Huyu mama kila siku ni tumbo, na hospitali wanasema haumwi. Sasa sisi tunasaidia ugonjwa gani?"

Swali lile halikuwa la ukorofi. Mfuko ulikuwa mdogo na wahitaji walikuwa wengi. Kabla ya kuamua, mwenyekiti aliwatuma wajumbe wawili wakamsikilize, nami nikaambatana nao. Mama alitutolea bahasha kubwa ya kaki iliyojaa vyeti. Tulihesabu: katika miaka miwili alikuwa ametibiwa homa ya matumbo mara nne, amiba mara tano, minyoo mara tatu, na vidonda vya tumbo mara mbili. Alikuwa ameuza mbuzi wawili na kukopa kwenye kikundi cha VICOBA. Alipofika hospitali kubwa na kufanyiwa vipimo vingi, aliambiwa, "Mama, huna ugonjwa." Akatuambia neno ambalo sijalisahau: "Nilitamani waone hata kitu kibaya, ili watu wajue kwamba sidanganyi."

Ameniruhusu kusimulia habari yake bila kutaja jina. Nimeona niitumie kueleza ugonjwa ambao wengi wetu tunao, au tunaishi na mtu aliye nao, bila kuujua.

UGONJWA HUU NI UPI?

Madaktari huuita kwa herufi tatu za Kiingereza, IBS. Kwa Kiswahili tunaweza kusema ni ugonjwa wa utumbo unaochokozeka kirahisi. Utumbo wenyewe hauna kidonda, hauna uvimbe, wala hauna mdudu anayeonekana kwa darubini. Ila namna unavyofanya kazi na namna unavyopokea taarifa za maumivu imevurugika. Ndiyo maana vipimo vya damu, vya choo, ultrasaundi, na hata kamera inayoingizwa ndani, vyote vinaweza kurudi vikiwa safi wakati mgonjwa anaumia kweli.

Mfano rahisi ni wa redio. Unaweza kuifungua ukakuta kila waya uko mahali pake, lakini kwa kuwa imeshika mawimbi vibaya, inakoroma. Fundi anayetafuta waya uliokatika hatauona. Haina maana kwamba redio haikoromi.

Ugonjwa huu si wa mtu mmoja wala wa taifa moja. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 33 na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa, kwa kutumia vigezo vikali vya sasa, takribani watu 4 kati ya 100 wana IBS. Kwa vigezo vya zamani vilivyokuwa vipana zaidi, idadi hiyo hufika takribani 10 kati ya 100. Wanawake huupata zaidi kuliko wanaume, na mara nyingi huanza kabla ya umri wa miaka 50.

DALILI ZAKE

Kwa mujibu wa vigezo vilivyokubaliwa na wataalamu mwaka 2016, mtu huhesabiwa kuwa na IBS akiwa na maumivu ya tumbo yanayojirudia, kwa wastani angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu iliyopita, na tatizo liwe limeanza miezi sita au zaidi kabla ya hapo. Pamoja na maumivu hayo, mambo mawili au zaidi kati ya haya yawepo:

(a) Maumivu yanahusiana na kwenda haja kubwa, yaani yanapungua au kuongezeka mtu akishaenda chooni.
(b) Idadi ya kwenda chooni imebadilika, ama mara nyingi zaidi ama mara chache zaidi.
(c) Choo chenyewe kimebadilika: kimekuwa kigumu kama cha mbuzi, au laini, au cha majimaji.

Wengi huwa na tumbo kujaa gesi, kuunguruma, na hisia kwamba choo hakijaisha. Wengine huharisha zaidi, wengine hukosa choo zaidi, na wengine hubadilikabadilika, wiki hii hivi na wiki ijayo vile. Mwaka 1997 wataalamu wa Bristol, Uingereza, walichapisha chati yenye picha za aina saba za choo, kutoka kigumu kabisa hadi maji matupu. Chati hiyo humsaidia mgonjwa kumweleza daktari bila aibu, kwa kuonyesha kwa kidole tu.

Mama yule alikuwa wa aina ya kubadilikabadilika. Alikuwa anakaa benchi la mwisho karibu na mlango, watu wakidhani anawahi kuondoka. Aliacha kusafiri na kwaya, kwa sababu basi halisimami kila unapotaka. Dalili hizi hazionekani kwenye cheti, lakini ndizo zinazomtenga mtu na wenzake.

DALILI ZA HATARI: HAPA USISUBIRI

Kabla sijaendelea, naomba wajumbe wa kamati wasome sehemu hii mara mbili. IBS haigeuki kuwa saratani wala haifupishi maisha. Lakini yapo magonjwa mengine ya tumbo yanayofanana nayo ambayo ni ya hatari. Mtu mwenye moja ya dalili hizi asiambiwe "ni tumbo tu la kawaida". Aende hospitali mapema:

1. Damu katika choo, au choo cheusi kama lami.
2. Kupungua uzito bila kukusudia.
3. Homa, au kutokwa jasho jingi usiku.
4. Upungufu wa damu.
5. Kuamshwa usingizini na kuharisha au maumivu, usiku baada ya usiku.
6. Uvimbe unaoshikika tumboni.
7. Kutapika kusikokoma, au kumeza kwa shida.
8. Dalili zilizoanza kwa mara ya kwanza baada ya umri wa miaka 50. Kwa mwanamke wa umri huo, tumbo linaloanza kujaa na kubaki hivyo linahitaji kuchunguzwa, kwani linaweza kuwa dalili ya saratani ya mfuko wa mayai.
9. Ndugu wa karibu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo au ya mfuko wa mayai.

Katika mazingira yetu yapo pia magonjwa ambayo lazima yaangaliwe kwanza: amiba, giardia, minyoo, kichocho cha tumbo (hasa kwa wakazi wa kando ya maziwa), kifua kikuu cha tumbo, na kuharisha kwa muda mrefu kunakoambatana na VVU. Haya yana tiba. Kwa hiyo kipimo cha choo kilichofanywa vizuri, kipimo cha damu na kipimo cha VVU si kupoteza fedha. Upotevu huanza pale mtu anapotibiwa ugonjwa uleule mara ya tano bila mtu kujiuliza kwa nini haponi.

KWA NINI TUNATIBIWA VITU VINGINE?

Ziko sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni kipimo cha Widal, kinachotumika sana kupima homa ya matumbo, yaani taifodi. Kipimo hiki hutafuta alama zilizoachwa kwenye damu na kinga ya mwili. Mtu aliyewahi kuugua zamani, au aliyeambukizwa vijidudu vya jamaa moja, anaweza kuonekana "ana taifodi" wakati hana. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuotesha vijidudu kutoka kwenye damu, lakini si kila zahanati ina uwezo huo. Tena taifodi huja na homa inayoendelea kwa siku nyingi. Haiji na kuondoka kwa miaka miwili bila homa.

Sababu ya pili ni kwamba IBS yenyewe hupanda na kushuka. Mgonjwa huenda kutafuta dawa siku amezidiwa. Akinywa vidonge vyovyote, baada ya siku chache tumbo hutulia, kama ambavyo lingetulia lenyewe. Basi yeye na mhudumu huamini kwamba dawa imefanya kazi. Mwezi ujao wanarudia. Kumbe kila dozi ya antibiotiki huua pia bakteria wazuri wanaoishi kwenye utumbo na kuusaidia kufanya kazi, na hali inaweza kuwa mbaya zaidi.

CHANZO CHAKE NI NINI?

Hakuna chanzo kimoja kinachowaeleza wagonjwa wote. Yapo mambo kadhaa yanayojulikana, na mara nyingi kwa mtu mmoja hukutana mawili au matatu.

Mawasiliano ya ubongo na utumbo. Utumbo una mtandao wake wa mishipa ya fahamu, wenye seli zaidi ya milioni 100, na unazungumza na ubongo wakati wote. Kila mmoja wetu anajua kwamba akiitwa ghafla ofisi ya mkuu, tumbo hucheza. Kwa mwenye IBS mazungumzo hayo yamepanda sauti. Gesi kidogo ambayo mwingine haisikii, yeye huisikia kama kisu. Misuli ya utumbo nayo inaweza kusukuma haraka mno, akaharisha, au taratibu mno, akakosa choo.

Maambukizi yaliyopita. Hapa wahisani wetu wa miradi ya maji wasikilize kwa makini. Mwezi Mei mwaka 2000, katika mji mdogo wa Walkerton nchini Kanada, mvua kubwa ilisomba kinyesi cha ng'ombe kikaingia kwenye kisima cha maji ya mji. Mji ulikuwa na watu takribani 5,000. Watu wapatao 2,300 waliugua kuhara, na 7 walifariki. Watafiti waliwafuatilia wakazi hao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kwamba miongoni mwa wale ambao hawakuugua, takribani 10 kati ya 100 walikuwa na dalili za IBS. Miongoni mwa walioharisha walikuwa kati ya 27 na 36 kati ya 100, kutegemea jinsi ugonjwa wao ulivyothibitishwa. Miaka minane baada ya mkasa ule, wako waliokuwa bado wanaumwa. Wadudu walikwisha kutoka zamani, lakini utumbo ulibaki mwepesi kuchokozeka. Kwa ujumla, tafiti zinaonyesha kuwa takribani mtu 1 kati ya 10 wanaougua maambukizi ya kuharisha huweza kupata IBS baadaye.

Vyakula. Chakula hakileti IBS, ila kinaweza kuiamsha. Aina fulani za wanga na sukari hazinyonywi vizuri na utumbo mwembamba. Hufika utumbo mpana, na huko huvuta maji na kuchachushwa na bakteria, ndipo gesi nyingi hutoka. Kwa mwenye utumbo wa kawaida huo ni mngurumo tu. Kwa mwenye IBS ni maumivu.

Msongo wa mawazo na majeraha ya moyo. Wasiwasi, sonona, msiba, ugomvi wa nyumbani, na mateso ya utotoni huongeza uwezekano wa kupata IBS na huizidisha. Tusielewe vibaya. Kusema hivyo si kusema kwamba ugonjwa ni wa kujitakia au upo "kichwani tu". Ubongo na utumbo ni viungo vya mwili mmoja. Na mgonjwa anayeumwa kila wiki bila kuaminiwa naye hupata wasiwasi, kwa hiyo kila kimoja hukichochea kingine.

NJIA ZA KUPATA NAFUU

IBS haina dawa moja ya kuiondoa kabisa, lakini wagonjwa wengi hupata nafuu kubwa wakifuata mambo yafuatayo kwa uvumilivu. Ni vyema kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja na kulipa wiki chache, ili ujue lipi limesaidia.

1. Andika katika daftari. Kwa wiki mbili au tatu andika ulichokula, saa uliyokula, jinsi tumbo lilivyokuwa, na jambo gani lilitokea siku hiyo. Daftari la shule linatosha. Linamsaidia daktari kuliko maneno mengi.

2. Kula kwa saa, kula taratibu. Usishinde na njaa mchana kutwa halafu ukala sahani kubwa usiku. Milo midogo na ya kawaida hutuliza utumbo. Kunywa maji safi ya kutosha. Punguza chai kali, kahawa, soda, pombe, pilipili na vyakula vyenye mafuta mengi.

3. Chunguza maziwa. Watu wazima wengi Afrika hawana tena kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa. Utafiti uliofanyika Tanzania, Kenya na Sudan, ulioongozwa na Sarah Tishkoff na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba uwezo huo unatofautiana kutoka kabila hadi kabila, na kwamba jamii za wafugaji ndizo zenye uwezo zaidi. Kwa hiyo chai ya maziwa inayomfaa jirani yako huenda isikufae wewe. Jaribu chai ya rangi kwa wiki mbili uone. Wengi wasioweza maziwa mabichi huweza mtindi kidogo, kwa kuwa sehemu ya sukari yake imeshachachuliwa.

4. Angalia vyakula vinavyoleta gesi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, ndio walioandaa utaratibu wa kupunguza wanga wa aina niliyoitaja hapo juu. Katika vyakula vyetu, vinavyochokoza zaidi ni maharage, kunde, mbaazi, vitunguu maji, vitunguu saumu, vyakula vya ngano kama chapati, mandazi na mkate, maembe mabivu na tikiti maji. Vinavyovumilika zaidi ni wali, ugali wa mahindi, viazi mviringo, karoti, mayai, samaki, nyama isiyo na mafuta, papai, chungwa na nanasi. Utaratibu huu si wa maisha yote. Mtu hupunguza kwa wiki nne hadi sita, kisha hurudisha chakula kimoja kimoja ili ajue adui yake hasa ni kipi. Ni vyema kuongozwa na mtaalamu wa lishe, hasa kwa mjamzito, mtoto na mtu aliyekonda.

Najua kwamba kumwambia mtu wa kijijini aache maharage ni kumwambia aache nyama ya maskini. Kabla ya kuyaacha, ayaloweke usiku kucha, amwage yale maji, ayachemshe kwa maji mapya mpaka yalainike kabisa, na ale kiasi kidogo. Vitunguu vinaweza kubadilishwa kwa majani mabichi ya kitunguu. Wengi hupata nafuu kwa hatua hizi pekee.

5. Nyuzinyuzi za aina inayofaa. Anayekosa choo husaidiwa na nyuzinyuzi laini, kama zile za shayiri au za maganda ya ispaghula yanayouzwa katika maduka ya dawa. Aanze kwa kiasi kidogo na anywe maji mengi. Pumba za ngano, ambazo watu wengi hushauriwa, mara nyingi huongeza gesi na maumivu.

6. Mazoezi na usingizi. Utafiti wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa wagonjwa wa IBS walioongezewa mazoezi ya mwili walipata nafuu kuliko wale walioendelea kama kawaida. Wanaolima kutwa hawahitaji kuongezewa kazi, lakini sisi wa ofisini, tunaokaa kwenye kiti na gari, kutembea nusu saa kwa siku ni dawa.

7. Dawa za hospitali. Zipo dawa za kutuliza misuli ya utumbo, kama mebeverini. Za kupunguza kuharisha, kama loperamidi. Na za kulainisha choo. Mafuta ya peremende yaliyowekwa katika vidonge maalumu husaidia baadhi ya watu. Ipo pia amitriptilini, dawa ya zamani ya sonona, ambayo kwa dozi ndogo hupunguza sauti ya maumivu kati ya utumbo na ubongo. Utafiti wa Uingereza uliohusisha wagonjwa 463 na kuchapishwa mwaka 2023 ulithibitisha kwamba inasaidia. Mgonjwa akiandikiwa dawa hiyo asidhani daktari amemwona kichaa. Dawa hizi zote ziandikwe na mtaalamu. Zisinunuliwe kwa kusikia kwa jirani.

8. Mazungumzo. Ushauri nasaha kutoka kwa mtu aliyefundishwa huwasaidia wengi. Mbinu rahisi za kupumua polepole kwa tumbo na kulegeza mwili hutuliza hata pale chanzo si msongo.

NAFASI YA KAMATI ZA USHARIKA

Huenda mjumbe akauliza, sisi si madaktari, tufanye nini? Nijibu kwa utafiti mmoja. Mwaka 2008 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 262 wa IBS waliogawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza liliwekwa kusubiri tu. La pili lilipewa tiba ya kuigiza ya sindano za Kichina, ambazo hazikuingia mwilini. La tatu lilipewa tiba hiyohiyo ya kuigiza, lakini na mhudumu aliyekaa nao, akawauliza habari zao, akawasikiliza na kuwatia moyo. Baada ya wiki tatu, waliosema wamepata nafuu ya kutosha walikuwa 28 kati ya 100 katika kundi la kwanza, 44 katika la pili, na 62 katika la tatu. Kilicholitofautisha kundi la tatu na la pili ni kusikilizwa.

Kusikiliza hakuhitaji mfadhili. Napendekeza kamati zetu zifanye yafuatayo:

(a) Mgonjwa anayeomba msaada mara kwa mara kwa tatizo lilelile atembelewe na kusikilizwa kabla ya kukataliwa au kupewa.
(b) Aulizwe dalili za hatari zilizoorodheshwa hapo juu. Akiwa na hata moja, nauli ya hospitali itangulie mambo mengine.
(c) Asaidiwe kupanga vyeti vyake vyote kwa tarehe katika faili moja, aende navyo kwa daktari mmoja na kurudi kwa huyohuyo. Kuanza upya kila mara ndiko kunakomaliza mbuzi.
(d) Siri yake itunzwe. Habari za choo cha mtu si za kusimuliwa kwenye vikao.
(e) Tusiseme amerogwa, wala kwamba hana imani. Tumwombee, na dawa aendelee nazo.
(f) Kila jengo la ibada liwe na choo safi kilicho karibu, chenye maji na mlango unaofunga. Kwa baadhi ya washarika hicho ndicho kinachoamua kama watakuja ibadani au watabaki nyumbani.

KWA WAHISANI WETU

Tunapoandika taarifa ya mradi wa kisima, huwa tunahesabu watu waliopata maji na matukio ya kuhara yaliyopungua. Habari ya Walkerton inatufundisha kwamba hesabu hiyo haijakamilika. Mtoto aliyekingwa na maji machafu leo huenda amekingwa pia na miaka mingi ya tumbo lisilotulia atakapokuwa mtu mzima. Kwa hiyo kufunika kisima, kutengeneza mfereji wa kupitisha maji ya mvua mbali nacho, na kulipa fundi wa matengenezo ni sehemu ya tiba, ingawa havionekani vizuri kwenye picha za taarifa.

HITIMISHO

Kamati ile haikuidhinisha fedha za dawa. Iliidhinisha nauli ya kwenda na kurudi hospitali ya rufaa mara mbili, na mjumbe mmoja akamsindikiza mama pamoja na bahasha yake. Daktari alisoma vyeti vyote, akauliza maswali kwa karibu nusu saa, akaagiza vipimo viwili tu vilivyokuwa havijafanyika, kisha akamweleza kwamba ugonjwa wake una jina. Mama alilia. Mjumbe alidhani amepewa habari mbaya.

Hajapona kabisa. Daftari lake lilionyesha kwamba maziwa mabichi na vitunguu vingi vinamsumbua, na kwamba wiki ya kulipa marejesho ya VICOBA ni mbaya kuliko wiki nyingine zote. Anakunywa chai ya rangi, analoweka maharage, na anatumia dawa moja usiku. Hajarudi kutibiwa taifodi. Bado anakaa benchi la karibu na mlango, lakini kwaya iliposafiri kwenda kwenye sherehe za jimbo, alisafiri nayo. Mwalimu wa kwaya alizungumza na dereva mapema, basi likasimama mara mbili njiani, na hakuna aliyeuliza kwa nini.